Bosi akikuandikia kazi yako ni “quite good”, ufurahi au ujipange?

#1 Binti_Kimara
Salaam wakuu. Naomba kueleweshwa neno moja la Kiingereza ambalo wiki hii limenitoa machozi.

Nafanya kazi kwenye taasisi moja hapa mjini, jina naliacha. Bosi wangu ni Mwingereza. Mwezi uliopita nilipewa ripoti niandike mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara yangu ya kwanza, kuhusu vioski vya maji Temeke. Siku nne mfululizo nililala saa nane usiku. Nikaituma Jumatatu. Jumanne asubuhi nimesimama kwenye Mwendokasi, tunakaribia Magomeni Mapipa, barua pepe ikaingia. Mistari miwili: “Thanks for this, it's quite good. I have quite a few comments, will send them over.”

“Quite good” nikaisoma “nzuri sana”. “Quite a few comments” nikaisoma “maoni machache tu”. Nikampigia mama humohumo ndani ya basi, akapiga vigelegele mpaka abiria wa pembeni akanigeukia. Nilipofika ofisini nikanunua sambusa na soda za watu sita.

Alhamisi yakaja hayo maoni. Ripoti ya kurasa 18, maoni 61. Ukurasa wa 3 ulikuwa mwekundu kuliko mweupe.

Sijalalamikia maoni, kazi lazima ikosolewe. Ninachouliza ni hili: “quite” ni “sana”, ni “kabisa” au ni “kiasi”? Kamusi yangu imeweka “kabisa” na “kiasi” kwenye neno hilohilo. Mtu anawezaje kutumia neno lenye “kabisa” na “kiasi” tumboni mwake? Nawasilisha.

#2 Siti_ya_Dirishani
Nakaa hapa nasubiri wajuzi. Na mimi hili neno huwa naliruka tu nikisoma.

#3 Mwl_Chaki
Pole binti. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 22, Mbagala na sasa Tegeta. Vielezi vya kiasi ndivyo vinavyowaangusha wanafunzi wangu kuliko nyakati za vitenzi, na hiki ndicho kinaongoza. Nakifundisha kwa swali moja: kivumishi kinachofuata kina ngazi au hakina?

“Good” ina ngazi. Kitu huwa kizuri kidogo, kizuri, kizuri zaidi. “Cold”, “tired”, “expensive” ni hivyohivyo. Ukiweka “quite” hapo, soma “kiasi”. “Quite cold”: kuna baridi kiasi, beba sweta.

Sasa chukua “dead”. Mtu hafi kidogo. “Impossible”, “empty”, “perfect”, “exhausted”, hayo yote yamekwishafika mwisho wa njia. Ukiweka “quite” hapo, soma “kabisa”. “Quite empty”: tupu kabisa, hakuna hata tone.

Kipimo chake ni hiki. Ondoa “quite”, weka “very”. Ikikubali, “very cold”, basi ni kiasi. Ikigoma, kwa kuwa hakuna asemaye “very dead”, basi ni kabisa. Kidato cha pili wanalipata ndani ya kipindi kimoja.

Kwa hiyo bosi wako alikuambia ripoti ni nzuri kiasi. Na “quite a few” ni wengi. Hapo kipimo changu hakiingii, ni msemo unaokaririwa kama ulivyo.

#4 Kijana_wa_Masaki
Mwalimu shikamoo. Umeeleza vizuri ila umeeleza nchi moja.

Nimefanya kazi na Wamarekani miaka mitano. Mmarekani akiandika “quite good” anakusifia, anamaanisha nzuri sana. Kwa Mwingereza neno hilohilo linapunguza. Kivumishi ni kilekile, chenye ngazi zilezile, lakini maana zimeachana. Kwa hiyo hapa tunaulizana msemaji katokea wapi, sarufi inakuja baadaye.

Binti alisoma barua ya Mwingereza kwa jicho la Marekani, na hana kosa. Filamu tunazoangalia za Marekani, video za Marekani, programu za simu za Marekani. Darasani tunafundishwa tahajia ya Uingereza, nyumbani masikio yanalelewa na Marekani.

#5 Mwl_Chaki
Marahaba kijana. Nakubali kwa “good”. Lakini “quite impossible” Mmarekani naye anaielewa “kabisa”. Nusu ya sheria yangu imevuka bahari salama.

#6 Fundi_Keko
Mimi ni seremala, nina karakana Keko. Kiingereza changu ni cha kupokea vipimo na bei. Nimesoma namba 3 nikakumbuka hasara yangu.

Mama mmoja Mzungu aliagiza kabati la vitabu la mninga, futi saba. Alipokuja kulitazama akapitisha kidole juu ya rafu, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akasema “It's not quite level.” Kijana wangu aliyemaliza kidato cha nne akanitafsiria: “Anasema haiko sawa kabisa.” Mimi nilivyosikia haiko sawa kabisa, nikajua nimeharibu. Mama akaondoka, akasema atarudi Jumamosi.

Nikalivunja. Siku mbili nalifumua, nachomoa gundi kwa patasi, mbao mbili zikapasuka. Jumamosi akakuta mbao zimepangwa chini, akaweka mkono mdomoni. Kumbe alikuwa anataka niweke kipande chembamba cha ubao chini ya mguu mmoja. Sakafu yangu yenyewe ndiyo imeinama.

Alinilipa mbao zilizopasuka, Mungu ambariki. Lakini sasa mwalimu nieleze, kijana alikosea wapi? “Quite” si umesema ni kabisa?

#7 Siti_ya_Dirishani
Fundi, nimeumia na hizo siku mbili. Mninga ulivyo ghali!

#8 Mwl_Chaki
Fundi, umeleta swali zito kuliko lote humu na sijalipata kwenye kitabu chochote cha shule.

Kijana wako hakukosea neno. “Level” haina ngazi, “quite” hapo ni kabisa kweli. Mtego uko kwenye Kiswahili chetu. Sisi tukisema “haijaiva kabisa” tunaweza kumaanisha mambo mawili. Moja, haijaiva hata kidogo, mbichi. Mbili, imeiva lakini haijamaliza. Anayeamua ni sauti na mazingira, na mara nyingi tunasikia ile ya kwanza. Kiingereza kimegawa kazi: “not at all” ni hata kidogo, “not quite” ni imebaki kidogo.

Kwa hiyo “not quite level” ilitakiwa itafsiriwe “imebaki kidogo ikae sawa”. Ukiona “not” mbele ya “quite”, lisahau neno “kabisa”. Sema “bado kidogo” au “karibu”.

#9 Fundi_Keko
Bado kidogo. Maneno mawili tu hayo yangeniokolea siku mbili. Ahsante mwalimu.

#10 Mama_Sinia
Jamani “quite a few” naijua mimi. Napika chakula cha shughuli, Mwananyamala. Kuna ofisi iliniagiza chakula cha mchana cha mafunzo. Mwenzangu aliyepokea simu akauliza wageni ni wangapi, akajibiwa ni “quite a few”. Akaniambia dada, wapo wachache. Akili yangu ikaenda kwenye watu kumi na tano, nikaongeza sahani tano za tahadhari.

Nimefika pale na hotipoti zangu, naona mlango wa ukumbi unaingiza watu kama daladala inayoshusha. Walikuwa 52. Pilau iligawiwa kwa kijiko cha chai. Kachumbari ndiyo iliyotosha, maana kachumbari huwa nazidisha siku zote.

Tangu siku ile sipokei kazi bila namba. Ukiniambia wachache nakuuliza wachache wangapi, ukiniambia wengi nakuuliza wengi wangapi.

#11 Kibibi_wa_Ilala
Mama Sinia pole. Ila kwa nini “few” ni wachache halafu ukiongeza “quite” wanakuwa wengi? Inakuwaje?

#12 Mwl_Chaki
Zipo ngazi tatu. “Few people came”: waliokuja hawafiki hata wa kuhesabu, msemaji analalamika. “A few people came”: wachache, lakini wapo. “Quite a few people came”: wengi. Ile “a” ndogo inageuza malalamiko kuwa shukrani, na “quite” inaikuza hiyo shukrani.

#13 Mtu_wa_Unguja
Mbona mnahangaika na jambo tunalo nyumbani. “Quite a few” ni “si haba”. Ukimuuliza mtu wa kwetu samaki wamepatikana leo, anakujibu “si haba”. Neno “haba” ni kidogo, uchache. Lakini akisema si haba ujue ngalawa imejaa. Hatamki “wengi” kwa kuogopa kujitapa na kwa adabu ya kushukuru. Mwingereza naye hatamki “wengi”, anaanzia kwenye uchache kisha anapandisha.

Na huyo bosi wa binti, “quite good” yake naisoma “si haba”. Si tusi hata kidogo. Ni mtu asiyependa kupiga kelele.

#14 Kijana_wa_Masaki
Mtu wa Unguja umenena. Ila “si haba” ikitoka mdomoni mwa mwenye samaki ni unyenyekevu. Ikitoka kwa mnunuzi anayekagua samaki wako ni jambo jingine. Bosi ndiye mkaguzi hapa.

#15 Mtu_wa_Unguja
Mnunuzi akikuambia samaki wako si haba, atanunua. Ngoja uone.

#16 Nimekaa_Leeds
Nilisoma Uingereza miaka miwili, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mstaafu. Nyote hamjagusa sauti.

Bibi yule alikuwa na “quite good” mbili. Sauti ikipanda kwenye “good”, akaidondosha polepole, kitu kimempendeza. Sauti ikikazwa kwenye “quite” halafu “good” ikabaki juu inaning'inia, ujue kuna “lakini” inakuja nyuma yake. Nilimpikia wali wa nazi wiki ya kwanza, akaonja, akasema “It's QUITE nice.” Akanyamaza. Mimi nikamjazia sahani tena. Alikula kwa adabu mpaka mwisho, maskini, na kesho yake akaniambia tumbo lake halikuzoea nazi.

Mwezi wa tatu nikapika samaki wa kupaka, nikapunguza nazi. Akasema “That's quite NICE”, akaomba nimwandikie namna ya kupika. Maneno ni yaleyale. Nilijifunza kumsikiliza kama unavyosikiliza mtu anayesema “haya” kwa Kiswahili. “Haya” moja ni nimekubali, “haya” nyingine ni fanya utakavyo lakini utajuta.

Barua pepe haina sauti. Binti alipewa maneno bila mziki wake, na hakuna sheria itakayomrudishia.

#17 Mwl_Chaki
Hii ya “haya” nitaiba nikaitumie darasani kesho. Nashukuru sana.

#18 Kibibi_wa_Ilala
Mimi nilisikia “quite” limetoka kwenye “quiet”, ukimya. Ndiyo maana linapunguza, kama kusema kimyakimya.

#19 Mlimani_Maktaba
Kibibi, umekaribia. Ni ndugu, lakini mmoja hakumzaa mwenzake.

Wote wanatoka kwenye neno la Kilatini “quietus”, aliyetulia. Tawi moja likaja kuwa “quiet”. Tawi la pili likapitia Kifaransa cha kale likawa “quite”, mtu aliye huru, asiyedaiwa. Huko ndiko lilikotoka pia “quit”, kuacha. Waingereza wakalichukua lile la kutodaiwa wakalifanya kielezi: kwa kumaliza, bila kubakiza deni. Kwa hiyo maana ya kwanza ni kabisa. Enzi za Shakespeare lilikuwa kabisa. Maana ya “kiasi” imekuja juzi tu, karne ya 19, tena zaidi huko Uingereza.

Neno lilipunguzwa na adabu. Watu walilitumia “kabisa” kwa wepesi mno mpaka likachakaa. Sasa, mwalimu, samahani, kipimo chako cha “very” kinavuja. Jaribu “quite different”. “Very different” inakubalika bila shida, lakini “quite different” mara nyingi ni tofauti kabisa. “Are you quite sure?” ni una uhakika kabisa, ingawa “very sure” ipo. Na vitenzi je? “I quite like it” ni nakipenda kiasi. “I quite agree” ni nakubali kabisa. “Like” na “agree” wote wakubali “very much”. Kipimo kimekwenda wapi?

#20 Mwl_Chaki
Mlimani, umenibana. “Different” na “sure” nitaziita zenye sura mbili: ukizitazama huku zina ngazi, ukizitazama kule zina mwisho. Kwa vitenzi sina jibu la haraka. “Agree” nadhani ina mwisho: umekubali au hujakubali. “Like” haina mwisho. Lakini nakiri kwamba kwa mwanafunzi hiyo ni ramani ngumu.

#21 Mlimani_Maktaba
Hiyo ya mwisho wa kitenzi ina akili. Bado sijaridhika na “different”, ila nimekuheshimu.

#22 Mchuuzi_wa_Kongo
Nauza vitenge mtaa wa Kongo, Kariakoo. Wakati mnaendelea na “quite”, mnisaidie “too”. Kuna binti hapa dukani alikuwa akimwambia kila mteja Mzungu “This one is too nice, too strong”. Wanatabasamu halafu wanaondoka. Mmoja akamwuliza “Too strong for what?” Akakosa jibu.

#23 Mwl_Chaki
“Too” ni kupita kiasi mpaka imeharibika. “Too strong” mteja anasikia kitenge ni kigumu mno, hakivaliki. Mwambie aseme “very”. Na kama mteja anauliza “too” kwa Kiswahili, neno lake ni “mno”. Chumvi imezidi mno.

#24 Kibibi_wa_Ilala
Mwalimu, lakini mume wangu aliniandikia “nakupenda mno” na hajaharibika.

#25 Mtu_wa_Unguja
Kibibi umemaliza. “Mno” ya mapenzi haina mpaka.

#26 Mama_Sinia
Na mimi niulizie “kidogo”. Fundi cherehani akikuambia nguo bado kidogo, siku mbili kabla ya Idi, hiyo ni kiasi gani? Mwaka jana “bado kidogo” ya fundi wangu ilikuwa kitambaa hakijakatwa. Na “njoo kidogo” ya bosi ni saa nzima. Kiswahili nacho kina “quite” zake.

#27 Siti_ya_Dirishani
Kitambaa hakijakatwa! Mama Sinia, hapo hata “not quite” isingekuokoa.

#28 Mzee_wa_Redio
Nimesoma yote. Wengi mnasema ni adabu, mkidhani adabu haina gharama. Niwape kisa cha kweli.

Vita vya Korea, Aprili 1951, mto Imjin. Kikosi cha Gloucestershire cha Waingereza kimezingirwa na Wachina juu ya kilima namba 235. Wanaishiwa risasi na maji. Kamanda wao wa brigedi, Brodie, akaulizwa hali na jenerali wa Marekani aliyekuwa juu yake, Soule. Akajibu kwa Kiingereza cha kwao kwamba hali ni “a bit sticky”. Inanata kidogo. Kwa Mwingereza yeyote hiyo ilikuwa na maana kwamba tunakufa. Mmarekani akasikia “kidogo”, akaona kumbe wanamudu. Msaada haukufika kwa wakati. Kikosi kilipigana mpaka kikamalizika, na wanajeshi zaidi ya 500 walichukuliwa mateka.

Sisemi neno moja ndilo lililoshindwa vita, kulikuwa na mengi. Lakini wale walikuwa ndugu wa lugha moja, upande mmoja, adui mmoja, na bado “a bit” ilipita katikati yao. Binti wa Kimara usijione hujasoma.

#29 Nimekaa_Leeds
Mzee shikamoo. Nilipita mbele ya mnara wa vita huko bila kujua habari kama hizi. Ahsante kwa kisa.

#30 Mzee_wa_Redio
Marahaba mwanangu.

#31 Kijana_wa_Masaki
Mzee kanipa ushahidi wa hoja yangu namba 4. Uingereza na Marekani. Nakazia.

#32 Nimekaa_Leeds
Kijana, kanipa mimi. Yale mazungumzo yangekuwa ana kwa ana, Soule angemwona Brodie usoni.

#33 Mpokea_Wageni
Niko mapokezi ya hoteli, Posta. Mnisaidie na hii. Mgeni mmoja Mwingereza mtu mzima, nilimweleza foleni za jioni barabara ya Bagamoyo, kwamba ukitoka saa kumi na moja utafika usiku. Akasema “Quite.” Nikasubiri aendelee. Quite nini? Nimeshika kalamu, namtazama. Na yeye ananitazama. Tukatazamana mpaka lifti ikafunguka, akaingia.

#34 Nimekaa_Leeds
Alikuwa amemaliza. “Quite” peke yake ni “hasa”, “naam, umesema kweli”. Alikukubalia kwa moyo wote.

#35 Mpokea_Wageni
Kumbe! Na mimi nilidhani nimemkwaza. Nashukuru. Na yule mama aliyesema “That's quite enough, thank you” nilipomwongezea chai?

#36 Mwl_Chaki
Hiyo ni kabisa. Imetosha, basi, usiongeze. Kama ungekuwa mwanafunzi wangu aliyekuwa anapiga kelele, sentensi hiyohiyo ingekuwa onyo la mwisho.

#37 Binti_Kimara
Wakuu, nimerudi. Nimesoma kila bandiko, mengine nimeyasoma mara mbili, na ile ya Mzee namba 28 nimemsomea mama.

Jana nilipata ujasiri nikamuuliza bosi mwenyewe. Nilimweleza kila kitu, mpaka soda. Alinyamaza, akavua miwani, akasema alimaanisha ripoti ni nzuri na kwamba mtu akiandika ripoti mbaya hamletei maoni 61, anamrudishia tu. Mwenzake Mmarekani aliyekuwa mlangoni akaingilia: yeye angesoma ile barua kama sifa kubwa, angenunua soda vilevile. Bosi akamgeukia, wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu “quite” mpaka nikatoka nikawaacha.

Kwa hiyo Kijana wa Masaki ana haki, Mtu wa Unguja ana haki, na mwalimu naye sijaona kama ameshindwa.

Leo asubuhi nimetuma ripoti mara ya pili. Jibu limekuja saa sita mchana: “Much better. Not quite there yet.” Safari hii sijampigia mtu. Nimekuja kwenu kwanza.

#38 Kijana_wa_Masaki
“Much better” haina ubishi nchi zote mbili. Hongera.

#39 Mlimani_Maktaba
Kwa asili ya neno, anakuambia bado unadaiwa. Ila deni limepungua sana.

#40 Binti_Kimara
Fundi Keko, wewe ndiye uliyelipia hili neno kwa mbao. Nivunje au nisivunje?

#41 Fundi_Keko
Usivunje dada. Piga randa tu. Bado kidogo.

#42 Binti_Kimara
Ahsante fundi. Naanza na ukurasa wa 3.